Kiwanda Kinapovuka Mpaka: Faida Zake na Masharti Yake

MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI



Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipopitisha sheria ya maeneo huru ya uchumi mwaka 1992, na Fumba kwa Unguja na Micheweni kwa Pemba zikatengwa kwa shughuli hizo, swali moja limekuwa likirejea maofisini na barazani: kiwanda cha mgeni kinapofika, mwenyeji anabaki na nini mkononi? Wapo wanaosema kuwa ajira peke yake yatosha. Wapo pia wanaosema kuwa mgeni huja kwa faida yake, na ikimalizika hufunga virago. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo haifai kuchukua moja na kuitupa nyingine bila ya kulitazama jambo lenyewe kwa mifano.

Mazungumzo haya yanaanza na kazi ambayo watu wengi hudhani haiwezi kutoka katika nchi tajiri, nayo ni kazi ya kuunda ndege. Yataeleza namna kazi hiyo ilivyovuka mpaka na kuingia kwa jirani, na yale yaliyopatikana huko. Kisha yatatazama visiwa jirani vya Bahari ya Hindi, na mwisho yatafika Sola, katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Sola imechaguliwa makusudi. Ni mahali pa wakulima wa pamba, mbali na bahari na mbali na mpaka wa nchi. Funzo litakalofaa Sola litaifaa pia Fumba na Micheweni, ambako bandari na bahari ziko karibu.

JINSI KAZI YA NDEGE ILIVYOVUKA MPAKA

Ndege kubwa haitengenezwi mahali pamoja. Boeing 747, ambayo ya mwisho ilikabidhiwa kwa mnunuzi Januari 2023, ilikuwa na vipande vipatavyo milioni 6, na karibu nusu ya hivyo ni riveti, skrubu na vifungio vinginevyo. Ndani yake mlikuwa na nyaya za umeme za takriban kilomita 270. Nyaya hizo hupangwa kwa mkono juu ya ubao mpana, moja baada ya moja, zikafungwa mafungu na kupimwa. Hakuna mashine iliyokwisha kuiondoa kabisa mikono ya watu katika kazi hiyo. Kazi inayotaka mikono mingi, macho makini na subira ndiyo inayokuwa ya kwanza kuhamishwa pale mishahara inapopanda.

Mwaka 1964 ulimalizika mpango uliokuwa ukiwapeleka vibarua wa Meksiko kulima mashamba ya Marekani. Watu wengi walirejea katika miji ya mpakani bila ya kazi. Mwaka uliofuata, 1965, Serikali ya Meksiko ilianzisha mpango wa viwanda vya mpakani. Kiwanda kiliruhusiwa kuingiza malighafi na mashine bila ya ushuru, kwa sharti kwamba bidhaa zitoke tena nje. Kwa upande wa pili, sheria za ushuru za Marekani zilikuwa na vifungu ambavyo, kwa bidhaa zilizounganishwa nje kwa vipande vya Marekani, vilitoza ushuru ile thamani iliyoongezwa nje tu. Serikali mbili zilikuwa zimefungua mlango mmoja, kila moja kutoka upande wake.

Miji kama Tijuana, Mexicali na Ciudad Juárez ikajaa viwanda. Mwanzoni vilikuwa vya nguo, vitu vya kuchezea na redio. Baadaye vikaja vipande vya magari, na hatimaye vipande vya ndege. Mkataba wa biashara huria baina ya Marekani, Kanada na Meksiko ulioanza tarehe 1 Januari 1994, na ule uliochukua nafasi yake tarehe 1 Julai 2020, uliwahakikishia wenye mitaji kwamba mlango huo hautafungwa ghafla.

FAIDA ZA UJIRANI

Faida ya kwanza ni ukaribu. Kipande kilichokosewa Mexicali kinaweza kurudishwa kwa lori na kusahihishwa ndani ya siku chache. Kipande hicho hicho kikitoka ng'ambo ya bahari kubwa, hungoja meli kwa wiki nyingi, na ndege nzima ikasimama kiwandani kwa sababu yake. Mhandisi naye huvuka mpaka asubuhi, akatazama kazi, akarudi kwake jioni.

Faida ya pili ni mgawanyo wa kazi. Nchi yenye mishahara ya juu hubaki na usanifu, majaribio na uunganishaji wa mwisho. Jirani hupata kazi za mikono ambazo zingekwenda mbali zaidi, au zisingekuwapo kabisa kwa sababu ya gharama. Kwa namna hiyo kazi ya upande mmoja wa mpaka huilinda kazi ya upande wa pili.

Faida ya tatu ni kubwa kuliko hizo, na huonekana kwa kuchelewa. Kila kipande cha ndege huwa na kumbukumbu yake: nani alikitengeneza, lini, kwa malighafi gani, na nani alikikagua. Kiwanda lazima kipate vyeti kabla ya kuruhusiwa kuuza, na vyeti hivyo hupatikana baada ya ukaguzi wa muda mrefu. Mfanyakazi aliyezoea nidhamu hiyo anakuwa fundi wa namna nyingine. Na mnunuzi aliyekwisha kuupitisha mlolongo huo wa ukaguzi hahami kwa urahisi, kwa kuwa akihama itambidi aanze upya. Cherehani huweza kupakiwa katika kontena kwa usiku mmoja. Cheti cha ubora hakipakiwi.

MFANO WA QUERÉTARO NA WA MOROKO

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mji mmojawapo wa Meksiko uliopata sifa kubwa katika kazi ya ndege hauko mpakani. Querétaro uko katikati ya nchi, mbali na Marekani. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ilianza kazi huko mwaka 2006 kwa mafungu ya nyaya, kisha ikaendelea hadi kuunda sehemu kubwa za kiwiliwili cha ndege. Mwaka 2007 kilianzishwa mjini humo chuo kikuu cha umma kwa ajili ya elimu ya ndege peke yake, kikifundisha mafundi na wahandisi. Kiwanda na chuo vilikua pamoja. Ukaribu wa mpaka ulikosekana, lakini pengo lake lilizibwa na watu waliosomeshwa.

Moroko nayo ni jirani wa Ulaya, ikitenganishwa na Hispania kwa mlango mwembamba wa bahari. Mwaka 2001 ilianzishwa karibu na Casablanca kampuni ya mafungu ya nyaya za ndege, MATIS, kwa ushirikiano wa Boeing, shirika la ndege la Moroko na kampuni ya Kifaransa ambayo sasa imo katika kundi la Safran. Mwaka 2011 kilifunguliwa chuo cha ufundi wa ndege ambacho uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa umoja wa wenye viwanda, ili kinachofundishwa darasani kilingane na kinachotakiwa kiwandani.

Tanzania yenyewe imeanza kuiona kazi hiyo kwa kiasi kidogo. Mjini Morogoro, katika miaka ya 2020, kampuni ya Airplanes Africa Limited ilianza kuunganisha ndege ndogo za watu wawili aina ya Skyleader, ambazo asili yake ni Jamhuri ya Cheki. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Dar es Salaam kinafundisha ufundi wa matengenezo ya ndege. Ni mwanzo mdogo, lakini unaonesha kwamba kazi ya ndege si muujiza. Inahitaji fundi, cheti na mnunuzi.

TAHADHARI: HISTORIA YA VISIWA JIRANI

Ingekuwa kosa kuzitaja faida na kunyamazia hasara. Mfano ulio karibu na visiwa hivi ni ule wa Morisi na Madagaska.

Morisi ilipitisha sheria ya maeneo ya bidhaa za kuuza nje mwaka 1970, wakati ambapo ilitegemea miwa karibu peke yake. Viwanda vya nguo vikafika, na baada ya muda mishahara ikapanda. Katika miaka ya 1990 kampuni za Morisi zilianza kupeleka kazi ya kushona katika kisiwa jirani cha Madagaska, ambako mshahara ulikuwa mdogo. Morisi ilibaki na usanifu, wanunuzi na fedha, na baadaye ikajenga viwanda vya kusokota uzi. Madagaska ikapata ajira nyingi za cherehani.

Ajira hizo zilisimama juu ya nguzo nyembamba. Baada ya machafuko ya kisiasa ya mwaka 2009, Marekani iliiondoa Madagaska katika mpango wa AGOA kuanzia tarehe 1 Januari 2010, na nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia soko hilo bila ya ushuru. Viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi majumbani. Nafasi hiyo ilirejeshwa mwaka 2014, lakini miaka minne na zaidi ni mirefu kwa familia inayoishi kwa mshahara wa wiki.

Kenya nayo ina la kusimulia. Sheria yake ya maeneo ya bidhaa za kuuza nje ni ya mwaka 1990, na eneo lake kubwa liko Athi River, karibu na Nairobi. Mpango wa AGOA wa mwaka 2000 uliongeza viwanda vya nguo kwa haraka. Lakini mgawo wa kimataifa wa biashara ya nguo ulipoondolewa tarehe 1 Januari 2005, na nchi za Asia zikawa huru kuuza zitakavyo, baadhi ya wenye viwanda walifunga na kuondoka. Walioondoka kwa wepesi zaidi ni wale ambao hawakuwa na kitu cha kuwafunga: kitambaa kilitoka nje, vifungo vilitoka nje, na mashine zilikuwa nyepesi kuhamishwa.

Hapo ndipo linapopatikana jibu la swali la mwanzo. Mwenyeji hubaki na kile ambacho mgeni hawezi kukibeba.

SOLA NA PAMBA YAKE

Mkoa wa Simiyu, wenye makao yake makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuumega Mkoa wa Shinyanga. Ndio mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania. Mkulima wa Sola, kama mwenzake wa Bariadi, Itilima au Meatu, hupanda kwa kutegemea mvua za Novemba na Desemba, hupalilia, hupulizia dawa, na kuanzia mwezi Mei hupeleka pamba mbegu katika chama cha ushirika cha msingi. Kutoka hapo pamba huenda kiwanda cha kuchambua. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi huwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, ambazo hutoa mafuta ya kupikia na mashudu ya mifugo.

Baada ya kuchambuliwa, sehemu kubwa ya nyuzi hufungwa marobota na kusafirishwa nje ya nchi, hasa Asia. Huko husokotwa, hufumwa na kutiwa rangi. Wakati huo huo, mafundi cherehani wa Athi River hushona nguo za kupeleka Marekani kwa vitambaa vilivyotoka Asia. Kwa ramani, Simiyu na Kenya ni majirani: barabara ya Mwanza hadi Musoma inapita Lamadi, wilayani Busega, na kuendelea hadi mpaka wa Sirari. Kwa biashara, baina ya shamba la Sola na cherehani ya Athi River kuna safari ya bahari mbili, kwenda na kurudi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005 na Soko la Pamoja tarehe 1 Julai 2010, kwa hiyo bidhaa inayotimiza masharti ya uasili huvuka mpaka huo bila ya ushuru. Kinachokosekana ni hatua za katikati, yaani kusokota na kufuma.

Hatua hizo ndizo zinazopasa kualikwa Simiyu. Kiwanda cha kusokota hakihami kwa wepesi. Mashine zake ni nzito, hutaka umeme usiokatika, mafundi waliozoea, na pamba iliyo karibu. Kwa tabia, hufanana na kiwanda cha vipande vya ndege kuliko kinavyofanana na karakana ya cherehani. Mkulima naye hunufaika kwa njia iliyo wazi: mnunuzi aliye jirani, anayeitaka pamba safi mwaka mzima, ana sababu ya kulipia ubora, na mkulima ana sababu ya kutochanganya pamba safi na chafu.

Sola na majirani zake hawaanzi mikono mitupu. Bwawa la New Sola, lililopo Zanzui, ndilo chanzo cha maji cha mji wa Maswa. Kituo cha reli cha Malampaka kimo katika wilaya hiyo hiyo, na mwaka 2021 ilizinduliwa kazi ya kujenga reli ya kisasa baina ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024. Mkoa pia umekwisha kujaribu viwanda vidogo: chini ya kaulimbiu ya "Wilaya Moja, Bidhaa Moja, Kiwanda Kimoja", vijana wa Maswa walitengeneza chaki na wenzao wa Meatu wakasindika maziwa.

Hata hivyo tahadhari inahitajika hapa pia. Maji ya bwawa ni ya watu kabla ya kuwa ya mashine, na kiwanda cha kutia rangi nguo hutumia maji mengi na kuyachafua. Kwa eneo lenye mvua za kubahatisha, ni busara kuanza na kusokota, ambako maji yanayotakiwa ni machache, na kuiacha kazi ya rangi hadi pale maji ya kutosha na mitambo ya kuyasafisha itakapopatikana.

YANAYOWAPASA WATUMISHI NA WANANCHI

Kutokana na mifano iliyotajwa, yapo mambo matano ambayo mtumishi wa Serikali anayeshughulikia maombi ya kiwanda, awe Fumba, Micheweni au Maswa, anapaswa kuyauliza kabla ya saini kuwekwa.

Kwanza, mafunzo. Ni vijana wangapi watakaofundishwa, katika chuo gani, na wataweza kupanda hadi ngazi ipi? Kiwanda kisichotaja chuo kimekuja kutafuta mikono peke yake.

Pili, malighafi. Ni sehemu gani ya bidhaa itakayotoka kwa mkulima, mvuvi au fundi wa hapo, na itaongezeka kwa utaratibu gani mwaka hata mwaka?

Tatu, ardhi na maji. Wanaopisha kiwanda walipwe fidia yao kabla ya kuondoka, na kiwango cha maji kitakachotumika kiandikwe katika mkataba, kisiachwe kwa maelewano ya mdomo.

Nne, haki za wafanyakazi. Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 kwa Zanzibar, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 kwa Tanzania Bara, zipo kwa ajili ya wafanyakazi. Eneo huru la uchumi husamehe kodi na ushuru. Halimpokonyi mfanyakazi haki yake ya mkataba, likizo na mapumziko ya uzazi.

Tano, tarehe ya mwisho wa msamaha. Katika sheria za maeneo hayo, Kenya kama Tanzania Bara, msamaha wa kodi ya mapato umekuwa wa miaka 10. Fedha inayosamehewa ni ya wananchi. Ingeweza kuwa dawa hospitalini au madawati skulini. Kwa hiyo wanayo haki ya kujua kila mwaka kilichopatikana badala yake.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mzazi amwachie mtoto wake, wa kike na wa kiume, asome hisabati na ufundi. Kijana aliyepata kazi aipe kazi heshima yake, maana sifa ya eneo hujengwa na mamia ya watu na huweza kuharibiwa na wachache. Mkulima asitie mchanga wala maji katika pamba yake ili kuongeza uzito, kwani robota moja chafu huwaondolea imani wanunuzi wa mkoa mzima.

Viwanda vya ndege vilivuka mpaka kwa sababu jirani alikuwa karibu na mshahara wake ulikuwa mdogo. Vilivyodumu na kukua vilidumu kwa sababu jirani alijifunza. Mshahara mdogo si mali ya kujivunia, kwa kuwa daima atapatikana mwingine mwenye mdogo zaidi. Kila mkataba wa kiwanda unaoletwa mezani upimwe kwa siku ile ambayo miaka ya msamaha itakuwa imemalizika: ikiwa siku hiyo mwenye kiwanda ataondoka, je, Sola itabaki na mafundi, mashine na soko la pamba yake, au itabaki na banda tupu lenye kufuli mlangoni? Mtumishi atakayeliuliza swali hilo mapema, na kuliandika jibu lake katika mkataba, atakuwa amewatumikia wananchi wake kwa miaka mingi ijayo.